MPEASI MWITU: KUUTAMBUA, KUUKUZA NA KUUBEBESHA

Hotuba ya mjumbe wa Kamati ya Kitalu siku ya sherehe za kutimiza miaka kumi ya kikundi



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii. Miaka kumi si mchezo. Wengi walisema akina mama hawawezi kukaa pamoja miezi sita bila kugombana. Tumegombana, ndiyo, lakini sanduku lipo, funguo tatu zipo, na daftari lipo. Tuwakumbuke pia wenzetu waliotangulia mbele ya haki. Mungu awarehemu.

Ndugu zangu, Mwenyekiti aliponiambia nitoe mada, nilidhani atataka nizungumzie hisa na riba. Akasema, "Hapana, dada. Wewe tuzungumzie mapeasi." Nikacheka. Halafu nikanyamaza, maana nilijua kwa nini amenichagua mimi. Mapeasi ndiyo yaliyokaribia kukivunja kikundi hiki, na aliyekwenda kuyanunua ni mimi. Kwa hiyo nitasema mambo mawili. La kwanza ni elimu: jinsi ya kuutambua mpeasi mwitu, kuukuza, na kuugeuza uzae matunda mazuri. La pili ni deni, nalo nitalifikia mwisho.

TULIVYOINGIA KATIKA MKOSI

Wale wa zamani mnakumbuka. Ilikuwa mwaka wetu wa tatu. Mfuko ulikuwa umenenepa kidogo, tukasema tuache kukopeshana kwa ajili ya sukari na sare za shule tu, tupande kitu cha kudumu. Huku kwetu Lushoto kila mtu anajua peasi lina soko. Magari yakishuka Soni na Mombo abiria wananunua dirishani. Tukakubaliana, tukanunua miche 120 kwa shilingi 2,500 kila mmoja. Jumla shilingi 300,000. Wakati ule kwetu ilikuwa fedha nyingi mno.

Nilitumwa mimi. Muuzaji akaniambia miche yote imebebeshwa, ni ya kisasa, baada ya miaka mitatu au minne tutakula matunda. Ilikuwa mizuri kweli, imesimama, majani yanang'aa. Nikaipenda. Nikahesabu vichwa vya miche kama mtu anayehesabu kuku, nikalipa, nikaipakia. Sikuinama hata mara moja kuangalia shina. Jamani, wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi sikuinama.

Wanachama kumi na wawili walichukua miche minane kila mmoja kwa mkopo. Mwenzetu mmoja, ambaye sitamtaja jina, akachukua miche 24. Alikuwa mjane, ana shamba la viazi, akasema watoto watasomea mapeasi. Alikopa shilingi 60,000, akarejesha 66,000 ndani ya mwaka, hakuchelewa hata mwezi mmoja. Alirejesha kwa kuuza viazi, huku akingojea miti.

Tukangojea. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Miti inakwenda juu, haitoi ua hata moja. Badala ya matunda ikatoa miiba. Mimi nikasema labda ni baridi haikutosha. Wengine wakasema ni mbolea. Wengine, na hili mnalijua, wakasema kamati imekula fedha ikanunua miche ya bei rahisi. Mwishowe Bwana Shamba akaja, akapita shamba kwa shamba na sisi, akatufundisha kuinama. Hesabu yetu ikawa hivi: katika miche 120, iliyokufa ilikuwa 31. Iliyobaki hai 89. Katika hiyo, 52 haikuwahi kubebeshwa kabisa, ilikuwa ya mbegu tupu. Mingine 23 ilikuwa imebebeshwa, lakini juu palikufa au paliliwa na mbuzi, na shina la chini likachipua likachukua nafasi. Miti ya kweli ya kuzaa peasi zuri ilikuwa 14 tu.

Tazameni hapo. Ile 52 ni kosa la muuzaji, na kosa langu kwa kutokagua. Lakini ile 23 ni kosa letu sote, maana mti ulikuja mzuri ukageukia mikononi mwetu na sisi tunautazama tukidhani unastawi.

MPEASI MWITU NI NINI?

Mpeasi si mti wa asili ya milima hii. Uliletwa na Wazungu enzi za ukoloni, ukakubali kwa sababu ya baridi yetu. Kwao, katika misitu ya Ulaya na Asia ya Magharibi, upo mpeasi wa porini hasa, ambao ndio bibi wa mapeasi tunayokula. Mti huo una miiba, unaweza kufika mita 15 na zaidi, na matunda yake ni madogo, ya mviringo, magumu, yenye ukakasi wa kukunja uso.

Sasa ukila peasi tamu la sokoni ukapanda mbegu yake, hupati peasi lile. Mbegu ya peasi haifuati mama yake. Ua lake hupata poleni kutoka mti mwingine, kwa hiyo kila kokwa ni mtoto mwenye sura yake, na wengi wao hurudia tabia za bibi: miiba, majani madogo, tunda gumu. Isitoshe huchelewa. Mti wa mbegu unaweza kukaa miaka saba, kumi au zaidi kabla ya kutoa ua. Ndiyo maana sisi hapa kijijini mti wa namna hiyo tunauita mpeasi mwitu, hata kama haukutoka msituni.

Nitatoa mfano wa mbali kidogo. Karibu mwaka 1770 huko Aldermaston, Uingereza, mwalimu wa shule aitwaye Stair alikuwa na mti wa peasi ulioota kwa mbegu, ukatokea bahati ukazaa matunda mazuri ajabu. Bustani ya Bwana Williams karibu na London ikachukua vijiti vyake ikaisambaza, peasi likaitwa Williams. Miti ikavushwa bahari mpaka Marekani, jina likapotea njiani. Mwaka 1817 Enoch Bartlett wa Massachusetts akapata shamba lenye miti hiyo, asijue jina lake, akaiuza kwa jina la Bartlett. Ni mwaka 1828, miche mingine ilipoletwa kutoka Ulaya, ndipo walipogundua kuwa Bartlett na Williams ni kitu kimoja. Mpaka leo Wamarekani wanasema Bartlett.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, mti mmoja wa mbegu ulileta heri, lakini ni mmoja katika wengi, na mama wa kikundi cha kuweka na kukopa hawezi kupanga ada ya shule kwa bahati nasibu. Pili, kila mti wa Williams uliopo duniani leo ni kijiti kilichotoka kwenye mti ule mmoja, au kijiti cha kijiti chake. Njia ya kawaida ya kupata peasi lilelile ni kubebesha.

Kabla sijaendelea nitoe tahadhari ya majina. Watu wa pwani ukiwaambia "pea" wanaweza kudhani unasema parachichi. Na upo mti mwingine wa porini hapa Afrika, wataalamu wanauita Dombeya rotundifolia, ambao Waingereza waliupa jina la peasi mwitu kwa sababu hujaa maua meupe kabla ya majani. Huo si ndugu wa peasi hata kidogo. Uko ukoo mmoja na pamba na bamia. Majani yake ni ya duara na yanakwaruza, na tunda lake ni kijumba kidogo kikavu. Nyuki wanaupenda, lakini usije ukaubebesha peasi, hautashika. Peasi liko ukoo mmoja na tofaa, plamsi na waridi.

DALILI ZA KUUTAMBUA

Sasa naomba wenye kalamu waandike.

Kwanza, angalia kiungo. Mche uliobebeshwa una kovu au nundu, na mara nyingi shina limepinda kidogo hapo, kiasi cha kiganja kimoja juu ya udongo. Ganda la chini ya kiungo na la juu yake huwa na rangi au sura tofauti. Kama shina limenyooka tangu udongoni mpaka juu kama fimbo ya mwalimu, hakuna kovu wala nundu, muulize muuzaji akuonyeshe kiungo kiko wapi. Akianza hadithi ndefu, rudisha fedha mfukoni.

Pili, angalia chipukizi limetoka wapi. Lililotoka juu ya kiungo ni la peasi zuri. Lililotoka chini ya kiungo, au kwenye mizizi, ni la mwitu, hata likiwa nene na zuri namna gani. Mara nyingi la mwitu ndilo lenye nguvu zaidi. Hapo ndipo tulipodanganyika kwa ile miti 23.

Tatu, angalia miiba. Kwenye mti mchanga wa mwitu, vitawi vifupi vya pembeni huishia kwenye ncha kali. Lakini msihukumu kwa mwiba peke yake. Mti wa mwitu ukizeeka matawi ya juu hupoteza miiba, basi mtu akitazama juu tu anaweza kusema huu ni mzuri.

Nne, angalia majani. Jani la peasi ni laini, linang'aa, lina meno madogo pembezoni na kikonyo kirefu. La mwitu huwa dogo na la mviringo zaidi. Ukiligeuza jani la peasi lililokomaa, chini hakuna manyoya. Jani la tofaa lina manyoya kama pamba upande wa chini. Hii itakusaidia usiuziwe tofaa kwa jina la peasi.

Tano, angalia ua. Ua la peasi ni jeupe, lina petali tano, na vichwa vya vijiti vya poleni ndani yake ni vyekundu vya zambarau vinapochanua. Ua la tofaa lina rangi ya waridi kwa mbali.

Sita, ganda na tunda. Mpeasi mzee ganda lake hupasuka vipande vidogo vya mraba, kama mgongo wa mamba. Tunda la mwitu ni dogo, la sentimita mbili hadi nne, lina ukakasi, na ukilitafuna unakuta chengachenga kama mchanga. Chengachenga zipo hata kwenye peasi zuri, lakini za mwitu zimezidi.

Dalili moja haitoshi. Ukipata tatu zinakubaliana, hapo sema.

MWITU SI ADUI

Bwana Shamba alipomaliza kuhesabu, mnakumbuka wengi wetu tulikwenda nyumbani kuchukua mashoka. Akatuzuia. Akasema, "Mama zangu, mnataka kukata mizizi ambayo imekwisha kufika chini?" Kumbe mti wa mwitu una sifa zake. Mizizi yake inakwenda mbali, una nguvu, unaishi miaka mingi sana. Anayejua hamtupi mwitu, anambebesha. Hata ile miti mizuri 14 ilikuwa imesimama juu ya miguu ya mwitu.

Tukaanza basi kuibebesha miti iliyokwisha kukua. Mwezi wa Julai, miti ikiwa imelala kwa baridi, tulikata vijiti vya unene wa penseli kutoka mti mmoja wa zamani sana ambao bibi ya mwenzetu ameula tangu utoto wake. Tukavifunga kwa kitambaa chenye unyevu, tukavitia ndani ya nailoni, tukaviweka kwenye friji ya Mweka Hazina, chini, si kwenye barafu. Mumewe alidhani ni dawa za kienyeji.

Mwezi wa Septemba, miti ilipoanza kuamka na ganda kuachia, tulikata matawi makubwa kwa msumeno, tukapasua ganda kwa kisu chembamba, tukachonga kijiti kwa mshazari, tukakichomeka kati ya ganda na mti, tukafunga kwa ukanda wa nailoni, tukaziba jeraha kwa nta ya nyuki. Siri ni hii: chini ya ganda kuna utando mbichi wa kijani. Utando wa kijiti sharti uguse utando wa mti. Visipogusana, hata ukifunga kwa waya wa chuma ni kazi bure. Na usikate matawi yote siku moja. Acha tawi moja la kuunyonyesha mti mpaka vijiti vishike, mwaka unaofuata ndipo ukalikate.

Katika miti 75 ya mwitu tulibebesha 51 kwa misimu miwili, ikashika 38. Mwaka wa tatu baada ya hapo tukala matunda. Mapeasi mliyoyakuta mezani leo, mheshimiwa mgeni rasmi, yanatoka kwenye miti ileile iliyotaka kupigwa shoka.

KUANZA NA MBEGU

Sasa kitalu chetu kinaotesha mwitu kwa makusudi. Kwa mama anayetaka kuanza, njia ni hii.

Chukua matunda yaliyoiva kabisa, toa mbegu, zioshe, chagua zile nono za kahawia iliyokoza. Usiziache zikakauka kabisa. Zichanganye na mchanga wenye unyevu, weka kwenye chombo chenye matundu madogo, kisha friji kwa miezi miwili hadi mitatu. Mbegu ya peasi imezoea kupita baridi kali kabla ya kuota. Usipoipa baridi hiyo itakaa tu kiribani ikikutazama. Chungulia kila wiki: mchanga usikauke, wala usioze. Ukiona mbegu zinapasuka, hamishia kwenye viriba vyenye udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza. Weka kivuli chepesi mwanzoni.

Baada ya mwaka mmoja au miwili mche unafika unene wa penseli. Hapo unabebesha. Chonga shina na kijiti kwa mshazari wa sentimita tatu hadi nne, vyote viwe na unene mmoja, vibandike, funga. Kikishika, legeza nailoni mapema, usije ukakinyonga.

Wakati wa kupanda shambani, chimba shimo la sentimita 60 kwa 60 kwa 60, mita tano hadi sita kati ya mti na mti. Kiungo kibaki juu ya udongo, kiasi cha sentimita 15 hadi 20. Ukikifukia, hutakiona tena na hutajua lipi chipukizi la nani. Maji yasituame. Zungushia miiba kuzuia mbuzi, maana mbuzi akila kichwa cha peasi zuri ameacha mwitu peke yake. Machipukizi ya chini ya kiungo yang'oe kwa mkono yakiwa bado machanga, usikate kwa panga, ukikata yanarudi mawili. Panda aina mbili tofauti zinazochanua pamoja, maana mipeasi mingi haizai vizuri bila poleni ya jirani wa aina nyingine. Mwenye mizinga ya nyuki aiweke karibu.

Na kuvuna jamani, tuache kungojea liive mtini. Peasi huiva kuanzia ndani. Likilainika mtini, katikati limekwisha kuoza. Lishike tunda lililokomaa, liinue mpaka lilale ubavu. Likiachia bila kulivuta, ni wakati wake. Weka ndani siku kadhaa liive. Hata yale makali ya mwitu yakiachwa ndani mpaka yawe ya kahawia na laini, ukakasi hupungua, na hufaa kwa jamu. Huko Uingereza na Ufaransa mapeasi makali yana miti yake maalumu, hukamuliwa kuwa kinywaji.

KANUNI TULIZOJIWEKEA

Kutokana na yote hayo, kikundi kina kanuni tatu ambazo wanachama wapya wanazikuta na kudhani ni ukali wetu tu. Ya kwanza, hakuna malipo ya miche mpaka wanawake wawili wameinama wakaona kiungo cha kila mche, si wa juu juu tu. Ya pili, kila mti una ukurasa wake katika Daftari la Miti: umetoka wapi, umebebeshwa lini, kwa kijiti cha mti gani. Ya tatu, mara mbili kwa mwaka tunatembeleana mashambani kung'oa machipukizi. Anayesema mti wake hauna haja ya kutazamwa, ndiye tunayeanza naye.

DENI

Sasa nafikia lile la pili, na naomba Mwenyekiti anivumilie.

Yule mwenzetu wa miche 24. Mitatu ilikufa, miwili ilikuwa mizuri, kumi na tisa ilikuwa mwitu. Alikuja kwenye kikao, akauliza swali moja tu: "Mkopo nimerejesha na riba yake. Mimi nani atanirejeshea?" Mimi ndiye niliyejibu. Nilijibu mbele ya watu, "Kila mtu aangalie miti yake." Nilikuwa naogopa, maana fedha ilipita mkononi mwangu na tayari watu walikuwa wananong'ona. Lakini kuogopa si sababu. Yeye hakusema neno. Alichukua kanga yake, akatoka, na hajarudi mpaka leo. Hisa zake alituma mtoto kuzichukua. Tulipoanza kubebesha hatukumwita. Kila mmoja alidhani mwenzake atakwenda. Ndiyo maana katika miti 75 tulianza na michache, kumi na tisa ilikuwa kwake.

Wiki iliyopita nilipita njia ya juu ya shamba lake. Miti yote kumi na tisa imesimama. Hakuipiga shoka. Nimekaa nikaitazama kwa muda mrefu. Ina miiba, ni mirefu, mizizi yake sasa ina miaka saba. Ikibebeshwa msimu huu, kwa mizizi ile, haitachukua miaka mingi kuzaa.

Ndugu Mwenyekiti, natoa hoja. Kikao kijacho kikubali kwamba kitalu kibebeshe miti ile bila malipo, vijiti vyetu na mikono yetu. Vilevile riba ya shilingi 6,000 aliyolipa kwa miche isiyokuwa miche arudishiwe. Si fedha nyingi, lakini iandikwe kwenye daftari, na iandikwe kwa nini. Vijiti vimekwisha kukatwa, viko kwenye friji. Siku zenyewe si nyingi, ganda likishapita wakati wake tutangoja mwaka mwingine.

Na mimi, kabla ya kikao, nitakwenda kwake. Sitatuma mtoto. Kama atanifukuza, ana haki. Kama atasema miti ni yake na haitaki mikono yetu, basi tutarudi na visu vyetu. Lakini maneno niliyoyasema mbele ya watu, nayafuta mbele ya watu: dada yangu, ulipo, nilikosa. Uliuliza swali la haki, nikakujibu kwa kiburi.

Akina mama wenzangu, tumekuwa mahodari wa kuhesabu: hisa, riba, faini za kuchelewa. Naomba katika miaka kumi inayokuja tuwe mahodari wa kuinama vilevile. Tukiuona mti unaota miiba, tuangalie kwanza kiungo kiko wapi, na je, sisi tuliutunza? Shoka liwe la mwisho.

 Mungu akibariki kikundi chetu, azibariki na shamba zetu. Kidumu kikundi chetu! Na wale wanaotaka kujifunza kuchonga kijiti, baada ya chakula tukutane kitalu, kila mtu aje na kisu chake.